Mguu Alioinua

Habari kwamba ninaacha mbio za magari nilizipata kwa bosi wangu, Jumatatu saa tatu asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkononi.

"Hongera, mwaya," aliniambia, akinikumbatia kwa upande ili chai isimwagike. "Nimefurahi kwa ajili yenu. Timu itakukosa, lakini ndoa ni ndoa. Mimi mwenyewe niliacha usukani kwa ajili hiyo hiyo."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake wa asubuhi. Bosi wetu ni mwanamke mwenye ulimi. Aliendesha miaka kumi na mmoja kabla ya kuanzisha timu, na pale karakana hakuna fundi ambaye hajawahi kutaniwa naye mpaka akakosa pa kuficha uso. Lakini safari hii hakuwa anacheka.

"Nani anaacha, Bosi?"

Akanitazama. Kisha akausukuma mlango kwa kisigino, ukajifunga.

"Mwenzako alikuja Ijumaa," alisema. "Akaniambia mmekubaliana. Mnafunga ndoa mwezi wa nne, na baada ya hapo wewe hukimbii tena. Nikasema basi, Mungu amenirahisishia kazi. Nilikuwa naumwa kichwa kwa kufikiria nimwache nani kati yenu."

"Ulikuwa umefikia wapi?"

"Swali gani hilo?"

"Kabla hajaja Ijumaa. Ulikuwa unamwacha nani?"

Bosi alikaa kitini polepole, kama mtu anayehisi kiti kina joto.

"Yeye," akasema. "Nilikuwa namwacha yeye."

Niliweka kikombe mezani, kikagonga sahani, chai ikamwagika juu ya karatasi zake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeifuta.

Timu yetu ilikuwa na magari mawili na madereva wawili. Mimi waliniita Chelewa, kwa sababu nachelewa kukanyaga breki mpaka mafundi wanafumba macho. Yeye walimwita Taratibu, kwa ajili ya kuongea kwake, maana kuendesha kwake hakukuwa na taratibu yoyote. Mwaka wa kwanza hatukusalimiana. Fahali wawili zizi moja, unategemea nini? Kisha siku moja alinisukuma nje ya njia mpaka nikazama kwenye mchanga, nikamfuata mbio zilipoisha, helmeti mkononi, nikitaka kumpiga nayo. Akasimama tu. "Samahani," akasema. "Kona ilikuwa yangu. Lakini samahani." Nilikosa pa kumpigia. Uso wenyewe ulikuwa umeshanipiga mimi.

Tulipopendana tuliwekeana sharti moja. Nililisema mimi, naye akalirudia neno kwa neno: tukiwa ndani ya magari, hakuna mtu wa kumwonea mwenzake huruma. Nje, tutaonana huruma tutakavyo. Tuliishi hivyo mwaka mzima. Siku akinishinda nilinuna hadi jioni. Siku nikimshinda alinibebea begi langu. Kisha mdhamini mkubwa akajitoa, na tukaambiwa msimu ujao gari litakuwa moja.

Gari moja lina usukani mmoja.

Nilimkuta karakana amepiga magoti kando ya gari lake, anapima upepo wa tairi la nyuma. Aliponiona alitabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja, halafu akauona uso wangu, na tabasamu likafa.

"Ameshakwambia," alisema.

"Wewe ulikuwa unaniambia lini? Siku ya harusi?"

"Nilitaka kukwambia Jumamosi. Nikashindwa. Jumapili nikashindwa tena."

"Kwa Bosi hukushindwa."

Mafundi wawili waliokuwa wakifunga boneti la gari la pili wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi nje. Tukabaki sisi na harufu ya mafuta.

"Ni Mama," alisema. Alisimama, akajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Unajua baba alivyofia mbioni. Mama amesema hanikatazi mbio, ameshachoka kunikataza. Hakukatazi wewe kuwa mkwe wake, anakupenda. Ila wawili ndani ya nyumba moja, hawezi. Anasema mkipata mtoto, Jumapili mtamwachia nani mtoto yule, kaburi? Ndivyo alivyosema, Chelewa. Kwa maneno hayo."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nitalitatua."

"Ukanitatua mimi."

Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Nilifikiri, bila hivyo nitakukosa."

"Ungeniuliza! Mdomo wangu una kasoro gani? Ungekuja ukasema, mpenzi wangu, Mama amesema hivi, tufanye nini. Labda ningekubali. Labda ningesema uache wewe. Tungegombana, tungevunja vikombe, lakini tungekuwa wawili." Nilimnyang'anya kitambaa, nikakitupa chini. "Niambie kitu kimoja. Ulijua Bosi alikuwa anamwacha nani?"

Aliinama, akakiokota kile kitambaa. Na mimi nilimpenda mtu huyu kiasi cha kujua anapokwepa swali.

"Hakuniambia," alisema.

"Sikukuuliza kama alikuambia."

"Nilihisi," akasema kwa sauti ndogo. "Nilihisi ni mimi."

Niligeuka nikarudi kwa Bosi. Nikamwambia sijakubaliana na mtu, siachi mbio, na kama ananiacha, aniache kwa sababu ya saa na si kwa sababu ya pete. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kalenda.

"Alhamisi," alisema. "Gari moja, matairi mapya kwa kila mtu, mizunguko kumi kumi. Mwenye mzunguko wa haraka zaidi anachukua kiti. Saa haina mchumba."

Jumatano mama yake alinipigia simu, akaniomba nipite kwake. Ni fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kina meza ndefu ya kukatia na cherehani mbili dirishani. Nilimsalimia, akaitikia, akaondoa vitambaa kwenye kiti ili nikae. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cheupe, kimeshakatwa, kimebanwa kwa pini. Sikuuliza ni cha nani. Vipimo vyangu alikuwa navyo.

"Amenieleza alichofanya," alisema. "Nimemgombeza. Sikumtuma aende kwa bosi wenu."

"Najua, Mama."

"Ila na mimi unielewe, mwanangu. Siku walipokuja kuniambia habari za baba yake, nilikuwa namshonea suruali. Hapo hapo ulipokaa. Mguu mmoja nimemaliza, mguu mmoja bado. Nilimaliza ile suruali. Nilikaa nikaimaliza, kwa sababu sikujua mikono niifanyie nini." Alizungusha gurudumu la cherehani kidogo kwa kidole, bila uzi. "Mtoto wangu akarithi ugonjwa ule ule. Nimezoea kumwombea mmoja. Wawili sina nguvu hizo."

"Na kama ningekuomba umwambie yeye aache, anioe mimi ninayekimbia?"

Aliliachia gurudumu, akanitazama. Macho yale yale ya mwanawe.

"Ningefurahi kuliko unavyodhani," alisema. "Lakini hataacha. Wewe unamjua."

Niliondoka nikiwa nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyokuja. Ni rahisi kumchukia mama mkwe mwenye roho mbaya. Huyu alinisindikiza hadi barabarani, akanitengeneza kola ya shati.

Alhamisi jua lilitoka mapema, uwanja mkavu, upepo hakuna. Bosi alirusha sarafu. Nikaangukiwa na zamu ya kwanza. Taratibu alikuwa amesimama kwenye ukuta wa uwanja, mikono mifukoni. Macho yetu yalikutana kupitia kioo cha helmeti yangu. Alininong'oneza kitu kwa midomo tu. Nilifahamu ni nini. Ni neno alilokuwa akiniambia kabla ya kila mbio, na siku ile sikulirudisha.

Niliendesha kama mtu anayegombana. Mzunguko wa tatu nilizoea matairi, wa tano nikaacha kuwaza, wa nane nikapita kona ya saba bila kuinua mguu kwenye mafuta. Ile kona ni ya kulia, ndefu, ya kasi, ukuta upo karibu, na kila dereva anaijua kwa tumbo kabla ya kuijua kwa macho. Redioni sauti ya Desimali, mtaalamu wetu wa kompyuta, ilitetemeka kwa furaha: "Dakika moja, sekunde thelathini na moja, nukta nne. Chelewa, hujawahi kwenda hivyo hapa!"

Nilishuka, yeye akapanda. Tulipishana mlangoni pa gari bila kugusana.

Nilisimama ukutani nikahesabu. Mizunguko yake ya mwanzo ilikuwa mizuri, wa sita ukanikaribia, wa nane ukanikaribia zaidi. Ule wa tisa alipita mbele yetu kwa mlio ulionifanya nishike vyuma vya ukuta. Nilijua. Masikio yangu yalijua. Nikafumba macho nikajiandaa kushindwa, na nakuapia, ndani ya ule uchungu palikuwa na kitu kingine kidogo, kama fahari. Huyu ni wangu, nilijiambia. Akinishinda, nimeshindwa na wangu.

"Thelathini na moja, nukta sita," Bosi akasoma.

Wa kumi ukatoka vile vile.

Mafundi walinirukia. Mmoja alinibeba mgongoni, mwingine akanimwagia maji kichwani, na mimi nililia mbele yao wote bila aibu. Taratibu alishuka, akavua helmeti, akaja moja kwa moja akanikumbatia. "Nimekubali," aliniambia sikioni. "Umenishinda." Nikamkumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikaniuma. Nilimsamehe pale pale, nisikufiche. Nilimsamehe Ijumaa, na Jumamosi, na Jumapili. Niliona tutazungumza na Mama, tutapata njia, sisi si watoto.

Mtu pekee ambaye hakuja kunipongeza ni Desimali. Nilimwona ameinama juu ya kompyuta yake, halafu akaifunga nilipokaribia.

"Vipi, mbona umenuna? Uliweka dau kwa mwenzangu?"

"Hapana, dada. Hongera."

"Fungua hiyo."

"Kesho basi. Leo sherehekea."

"Desimali. Fungua."

Akafungua. Kulikuwa na mistari miwili, mwekundu wangu na wa bluu wake, inaonyesha mguu wa dereva kwenye mafuta tangu mwanzo wa mzunguko hadi mwisho. Nimesoma mistari ile miaka mingi kuliko nilivyosoma barua. Mzunguko wa tisa, hadi kona ya sita, alikuwa amenitangulia kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Kona ya saba, mstari wa bluu ulishuka. Ukakaa chini. Ukapanda tena. Mizunguko minane iliyotangulia, mahali pale pale, haukuwa umeshuka hata chembe.

"Na wa kumi?" nikauliza.

Alinionyesha wa kumi. Vile vile.

Nilimkuta kwenye stoo ya matairi, amevua suti ya mbio hadi kiunoni, ameketi juu ya rundo la matairi ya zamani akinywa maji. Nilifunga mlango nyuma yangu.

"Gari liliteleza kona ya saba?"

Nilikuwa nampa pa kutokea. Angesema ndiyo, labda ningeamini. Anayependa hahitaji ushahidi mwingi.

"Halikuteleza," alisema.

"Breki?"

"Breki nzima."

"Basi kwa nini uliinua mguu?"

Aliweka chupa chini. "Kwa sababu kiti kilikuwa chako. Nilikichukua kwa mdomo, nikaona nikirudishe kwa mguu."

"Wamenibeba mgongoni, Taratibu. Nimelia mbele ya watu. Nilikuwa nasherehekea nini?"

"Ushindi wako."

"Ushindi gani? Hadi kona ya sita ulikuwa mbele yangu! Labda ungenishinda. Labda ungekosea kona ya tisa, huwa unaikosea, nikabaki na ushindi wangu halali. Sasa nani anajua? Mimi sijui. Wewe hujui. Umenichukulia hata hilo."

"Sikuweza kukuona ukishindwa. Baada ya nilichokufanyia, sikuweza. Ungelia."

"Ningelia!" Nilipiga tairi kwa kiganja. "Ningelia wiki nzima. Ningekununia, ningekataa simu zako, ningemsimulia kila mtu kwamba una bahati ya mbwa. Halafu ningeolewa na wewe. Na kila siku ya mbio ningesimama pale ukutani nikikupigia kelele kuliko watu wote. Hukujua hilo? Mwaka mzima umelala kifuani kwangu, hukujua hilo?"

Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumbukumbu ya baba yake. Machozi yalimtoka bila sauti, yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Nilikuwa nakupenda," alisema. "Mara zote mbili. Ijumaa kwa kupenda, na leo kwa kupenda."

"Najua. Ndiyo maana inauma. Ungekuwa mbaya ningekwenda zangu nikicheka." Nilijifuta uso kwa mkono wa suti. "Ijumaa umeniamulia niache. Leo umeniamulia nishinde. Kesho utaniamulia nini, mpenzi wangu? Nizae lini? Nicheke lini? Na kila mara utakuwa unanipenda, na mimi nitakuwa sina pa kulalamikia."

"Niambie nifanye nini. Nitafanya chochote."

"Ulikuwa na kitu kimoja tu cha kufanya. Kukanyaga mafuta."

Hatuvai pete ndani ya gari, sheria za mbio hazituruhusu, kwa hiyo yangu ilikuwa kwenye mfuko mdogo wa glovu. Kila nikishuka, yeye ndiye aliyekuwa akinivisha tena. Nilipoutoa mfuko ule, mkono wake ulinyooka wenyewe kuupokea mkono wangu, kwa mazoea. Sidhani hata alijua amenyoosha. Nikaiweka pete kwenye kiganja chake, nikamfunga vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vya baridi, na siku ilikuwa ya joto.

"Usifanye hivi," alisema.

"Nimeshafanya."

"Chelewa..."

Sikugeuka. Ningegeuka, nisingetoka mle ndani.

Nilikwenda ofisini kwa Bosi nikamwambia kila kitu: mstari wa bluu, kona ya saba, mizunguko miwili. Nikamwambia kiti si changu, au angalau hakuna anayejua ni cha nani, arudie jaribio.

"Desimali alishanionyesha," alisema. Alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwangu. "Sirudii. Nilitaka kujua nani ana kasi, nimejua jambo jingine. Dereva anayeweza kuinua mguu kwa makusudi pale, siku moja atauinua mahali ambapo watu thelathini wa timu hii wanamtegemea. Wewe umekuja kunirudishia kiti ambacho hakuna aliyekudai. Mkataba uko mezani."

"Sijisikii kushinda, Bosi."

"Sikusema umeshinda. Nimesema kiti ni chako." Akageuka, na nikaona macho yake mekundu. "Mimi nilisimama njia panda kama wewe, zamani. Nikachagua nyumba. Sijutii, wala sitakwambia uchague nini. Lakini kalamu ishike mwenyewe."

Nilisaini. Herufi za mwanzo zilikuwa sawa, za mwisho zikapinda.

Simu ikaita nikiwa bado nimeishika ile kalamu. Alikuwa mama yake. Bosi akatoka, akanifungia mlango taratibu.

"Nani amepata, mwanangu?" aliuliza bila salamu.

"Mimi, Mama."

Nilisikia pumzi yake ikitoka, ndefu, pumzi ya miaka mingi. "Kwa hiyo yeye msimu ujao hakimbii."

"Hakimbii."

"Ashukuriwe Mungu." Kisha, kwa woga, kama mtu anayegusa jeraha: "Na mambo yetu yale?"

Niliiweka kalamu mezani. "Hayapo tena, Mama. Samahani. Kitambaa chako kizuri."

Nilisikia cherehani ikisogezwa, kiti kikivutwa.

"Nilitaka mmoja abaki nyumbani," alisema mwishowe, na sasa alikuwa analia wazi. "Sikutaka kila mtu abaki peke yake. Si hivyo nilivyoomba, mwanangu. Si hivyo."

"Najua, Mama. Hakuna anayekulaumu."

Tulikaa kwenye simu, yeye kwake na mimi ofisini, tukisikilizana tukilia. Hakuna aliyekata. Baada ya muda akajipangusa, akauliza kwa sauti ya mama yeyote:

"Yuko wapi sasa?"

Nilichungulia dirishani. Gari lake dogo la kawaida lilikuwa linatoka getini. Lilisimama kwanza, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha likaingia barabarani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka ya kufika popote.

"Yuko njiani, Mama," nikamwambia. "Anakuja kwako. Mfungulie mlango."